Viporo vya twiga: kwa wewe unayeanza kupaka rangi vinyago

Ukiingia karakana yetu hapa Sakina, Arusha, utakuta gunia limeegemea ukuta. Ndani yake kuna twiga, pundamilia na tembo wa urefu wa kidole, weupe vilevile walivyotoka kwa mchongaji. Hao tunawaita viporo. Nilipoanza nilikuwa na gunia moja. Mwaka uliofuata yakawa manne, na nilikuwa nashika brashi tangu asubuhi mpaka umeme ukatike. Kwa hiyo usidhani viporo ni dalili ya uvivu.

Mchongaji ana kasi kuliko wewe, basi. Jakaranda ni mti laini, na fundi aliyezoea anamaliza tembo mdogo wakati wewe bado unahangaika na mgongo wa pundamilia mmoja. Tena akija na mzigo wa bei ya kutupa, moyo unakwambia chukua, kesho atapandisha. Nimechukua sana. Siku hizi sipokei gunia jipya kabla sijaona kitako cha gunia la zamani. Kuna mchongaji alininunia mwezi mzima kwa ajili hiyo. Bora anune.

Ila usikurupuke ukataka kumaliza viporo vyote kwa wiki moja. Mimi nilifanya hivyo masika fulani. Mvua za Machi hadi Mei mnazijua zilivyo Arusha, na jakaranda mbichi inabeba maji mengi. Nikapaka twiga 40 wakapendeza kweli, nikawapanga dirishani. Jua lilipotoka wiki iliyofuata rangi ikaanza kuvimba malengelenge, halafu shingo zikapasuka, moja baada ya nyingine. Maji yalikuwa yamefungiwa ndani. Tangu hapo napeleka furushi zima kwenye mzani wa muuza mchele jirani, naandika uzito ukutani kwa chaki, narudia baada ya siku tatu. Uzito ukiwa bado unashuka, mti haujakauka, hata kama kwa mkono unauona mkavu.

Kwa hiyo gunia lililokaa pembeni likiwa halijapakwa halikudai kitu. Linakauka. Kiporo kibaya ni kile cha nusu: twiga mwenye manjano bila mabaka, simba asiye na macho. Hicho kinashika vumbi, rangi inabanduka kwa kugusanagusana, na ukikirudia baada ya miezi miwili lazima upige msasa upya. Ukinisikia nafoka karakanani, ujue nimeona kimoja cha namna hiyo.

Dawa yake ni kupaka kwa dazeni. Chukua wanyama 12 wa aina moja, si zaidi. Msasa namba 120 kwanza, kisha 240, pangusa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Mbandike kila mmoja juu ya kifuniko cha chupa ya maji kwa ile plastisini ya watoto wa chekechea, ili ushike kifuniko na vidole visiguse rangi. Piga undakoti, yaani rangi ya kwanza ya chini, wote 12. Ukimaliza wa kumi na mbili, wa kwanza ameshakauka, unaanza rangi ya pili bila kusubiri na bila kuosha brashi kila dakika. Tumia rangi ya maji. Ya mafuta inang'aa vizuri, sikatai, lakini itakuweka siku nzima unaitazama.

Tembo ndiye rafiki wa mwenye viporo: kijivu cheusi mwili mzima, kisha chovya brashi kwenye kijivu cheupe, ifute kwenye gazeti mpaka ibaki karibu kavu, pitisha juujuu. Mikunjo ya ngozi inajitokeza yenyewe. Pundamilia anataka utulivu. Anza na weupe, halafu mistari: ya shingoni inasimama, ya makalioni inalala na ni minene. Twiga wa huku kwetu mabaka yake yana kingo zilizochanikachanika, kwa hiyo ukimchorea vidoto vya mviringo umemharibu.

Na tafadhali, chui na duma si mmoja. Duma ana doti nyeusi zilizojaa, na mstari mweusi unaoshuka kutoka jicho hadi mdomoni kama machozi. Chui doti zake ni vikundi vyenye uwazi katikati, na machozi hana. Mgeni aliyetoka Serengeti jana akiona duma wako hana machozi anamrudisha mezani bila hata kuuliza bei. Nimeliona hilo Soko la Wamasai, pale Fire Road, tena kwa macho yangu.

Wengine usiwapake kabisa. Ukimwaga gunia utakuta wenye sikio moja, wenye mguu mfupi, wenye ufa. Mimi niliwatunza miaka kwa kuwa niliwalipia, na kila nikihesabu viporo nilikuwa nawahesabu na wao. Sasa wakipatikana wanakwenda kwa mama ntilie wa nje, anawashia moto. Wenye umbo zuri na mti wenye mishipa ya kupendeza, wapige nta tu, wanauzika vilevile. Usiwapake kiwi nyeusi ukasema ni mpingo. Mpingo huzama majini, huyo wako ataelea kama kizibo, na mteja atakuumbua.

Kalenda ninayofuata ni hii. Januari na Februari, kukiwa kukavu, napiga msasa na undakoti kwa wingi. Masika nabaki na brashi ndogo: macho, mabaka, kucha, kazi za kukaa ndani na jiko la mkaa kwa mbali. Vanishi nasubiri jua. Wageni wakianza kujaa Juni, meza iwe na mzigo uliokamilika, maana kuanzia hapo hadi Oktoba hutapata nafasi ya kukaa.

Gunia bado lipo ukutani. Jana nilizamisha mkono nikagusa kitako chake, na leo asubuhi yule mchongaji aliyeninunia amepiga simu, ana viboko 60.