Mashine ya Karakana Haina Mwenyewe Mpaka Mota Iungue

Jumapili usiku kijana mmoja wa Mafinga aliniandikia: "Shikamoo fundi. Tuko wanne karakana moja na msumeno wa meza mmoja. Siku hizi mbao zinatoka na weusi pembeni, na mashine inalia kama inakabwa. Wenzangu wanasema tuchange tununue mota kubwa. Unashauri nini?"

Niliusoma ujumbe ule mara tatu, na mara zote nilijiona mimi mwenyewe, Keko, Dar es Salaam, mwaka 2019. Nimeamua kumjibu hapa hapa, kwa sababu najua wengi mnaonisoma mnataka kile alichonacho moyoni: karakana yenye jina lako mlangoni, na meza ambayo mteja akishaipapasa haulizi tena bei.

Jibu fupi: msinunue mota. Chomoeni plagi, fungueni mashine, isafisheni. Jibu refu limenigharimu pesa, kwa hiyo nivumilieni.

Tulikuwa mafundi sita. Kila mtu na wateja wake, ila kodi ya banda, umeme wa LUKU na mashine vilikuwa vya pamoja. Msumeno wenyewe ulikuwa wa mtumba, meza yake chuma kizito, mashine nzuri tu. Kuusafisha? Tulikuwa tunausafisha kwa maneno tu. Anayewahi asubuhi anawasha, anayechelewa jioni anazima na kwenda zake. Watu wa kuku walipokuja na viroba vyao tulizoa maranda ya sakafuni, kwa sababu yale yalikuwa na mnunuzi. Yaliyojazana tumboni mwa mashine hakuna aliyeyagusa.

Mwezi wa kumi na moja nikapata oda kubwa kuliko zote nilizowahi kupata: meza ya kulia ya watu wanane na viti vyake, mninga mtupu, iwe tayari kabla ya Krismasi. Nilichukua malipo ya awali, nikanunua mbao, nikaanza kupasua. Ubao wa kwanza ulitoka na mstari mweusi ubavuni, banda zima likanuka kuungua. Nikasema mninga huu haujakauka. Wa pili hivyo hivyo. Nikasema diski, ile ya meno inayokata, imekufa makali, nikaipeleka kunolewa. Ikarudi inang'aa, siku mbili tu, weusi ukarudi. Badala ya kusimama na kujiuliza, nikawa nasukuma mbao kwa nguvu zaidi, na mashine ikawa inanijibu kwa kulia zaidi. Siku ya nne, saa kumi jioni, ikanyamaza, moshi mwembamba ukatoka chini ya meza.

Fundi wa kusuka mota, yaani kuifunga upya nyaya zake za ndani, alikuja kesho yake. Alitandaza gazeti sakafuni, akafungua gamba, akaligonga taratibu kwa mpini wa bisibisi. Vumbi likaanguka kwa mabonge, limeshikamana kama mkate: tabaka la hudhurungi la mninga, chini yake la njano la paini, chini kabisa jeusi lisilojulikana la mti gani. Ilikuwa kazi yetu ya mwaka mzima imelala pale juu ya gazeti. Akanionyesha matundu ya kupitisha hewa, yameziba yote. Akasema, "Fundi, hii haikufa kwa kazi. Imekosa pumzi."

Kusuka upya kuligharimu shilingi 350,000. Jioni tukakaa kikao, nami nikiamini tutagawana mara sita. Mmoja wao, niliyemfundisha mimi kuunga miguu ya viti bila msumari, akasema kwa sauti: "Imefia mikononi mwako, malizana nayo." Wengine wakaangalia chini. Nililipa peke yangu. Mteja akahamishia oda yake kwingine, na pesa zake za awali nilizirudisha kwa mafungu matatu hadi mwezi wa tatu. Nimesamehe. Kusahau bado.

Mota iliporudi nilitenga Jumamosi nzima, nikachomoa umeme, nikajifungia na mashine ile. Na hapa ndipo ninapotaka msome polepole, maana sababu ya weusi haikuwa mninga wala makali.

Juu ya meza kuna mfereji wa kutelezeshea kile kifaa cha kusukumia ubao unapoukata kwa kukingama. Diski inatakiwa ilale sambamba na mfereji huo. Chukua kalamu ya wino mzito, tia alama kwenye jino moja. Lilete mbele, pima kutoka kwenye mfereji mpaka kwenye ncha ya jino. Zungusha diski kwa mkono jino hilo hilo liende nyuma, pima tena. Usipime jino jingine, kwa sababu diski ikiwa imepinda kidogo itakudanganya. Yangu ilipishana karibu milimita 2. Maana yake nyuma ya diski ilikuwa imeelekea kwenye fensi, ile reli ya kuegemezea ubao unapousukuma, na kila ubao niliosukuma ulibanwa katikati. Mbao zinasuguliwa, zinaungua, mota inabeba mzigo usio wake huku haina hewa. Mashine nyingi zina bolti chini zinazoshikilia fremu ya diski. Nililegeza, nikagonga kwa kipande cha mti, nikapima, nikagonga, nikapima. Ilinichukua saa mbili. Kisha fensi nayo: iwe sambamba na mfereji, na kama lazima ikosee, upande wa nyuma upanuke kwa unene wa karatasi. Kuelekea ndani kamwe.

Diski niliyoipeleka kunolewa bila sababu ilikuwa chafu tu. Utomvu ulikuwa umegandia kwenye meno kama lami. Maji ya vuguvugu na sabuni ya unga, dakika 15, mswaki wa zamani, kisha kausha papo hapo isipate kutu. Usikwangue kwa bisibisi. Meno ya kabaidi, yale magumu yanayobandikwa kwenye diski, hayapindi, yanakatika, na jino lililokatika likiruka halichagui jicho la nani. Mkipasua mvule muwe macho zaidi, kwa sababu mti huo huwa na vijiwe ndani yake, vigumu kweli, na makali yanaisha upesi.

Gia za kunyanyulia diski nilikuta mtu ameshindilia grisi. Alidhani anasaidia. Grisi na vumbi la mbao vinakuwa zege. Niliziosha kwa mafuta ya taa na brashi, mbali na umeme na moto, zikakauka, nikazipaka nta. Meza ya juu nayo, kwa hewa hii ya chumvi ya Dar es Salaam, hupata kutu kwa wiki moja ya uvivu: msasa laini, kitambaa, kisha nta ya nyuki, ile ya Tabora inafaa sana. Dawa za kupuliza zenye silikoni usizilete karibu, zitahamia kwenye mbao na vanishi itakataa kushika.

Kuna kibati cha chuma kinachosimama nyuma ya diski, kinazuia mkato usijifunge. Chetu kilikuwa kimefunguliwa na kutupwa kwenye boksi la misumari kwa sababu "kinachelewesha". Mwaka uliofuata, kwenye banda la jirani lisilo na kibati hicho, ubao ulirudi kwa kasi ukampiga mbavuni kijana aliyekuja kujifunza kazi. Mtoto wa watu alilala hospitali siku tano. Ndugu zangu, kirudisheni. Kiwe kinene kuliko mwili wa diski, lakini chembamba kuliko upana wa mkato unaoachwa na meno yake. Anayekwambia kinachelewesha muulize amewahi kumbeba mtu akienda hospitali.

Na msafishe. Kila jioni, anayezima mashine achomoe plagi na apige brashi. Kila Jumamosi mfungue tumbo, mtoe vumbi, mpulize matundu ya mota, mkaze nati, mguse mkanda kama umelegea. Vaeni barakoa mnapopuliza: tangu 1995 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani imeliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Sisi tunalikohoa na kusema ni mafua. Halafu msafishe tena. Hamna siri nyingine ninayowaficha. Fundi anayetaka jina huku akiona aibu kushika brashi hataki jina, anataka sifa. Mungu hakupi mashine ya pili kama ya kwanza umeifukia kwenye vumbi.

Leo tuko wanne. Pembeni ya mashine, kwenye msumari, linaning'inia daftari la shule: tarehe, jina la aliyesafisha, diski imebadilishwa lini, vipimo vya jino mbele na nyuma. Asiyeandika jana hawashi leo. Mmoja alisema huo ni utoto, akaondoka, na sikumbembeleza. Mota ni ile ile iliyosukwa 2019. Wiki iliyopita nilipasua vipande 36 vya mvule kwa ajili ya milango, na hata kimoja hakikutoka na weusi. Niliviegemeza ukutani kimoja kimoja nikawa naviangalia tu, chai ikapoa.

Sasa wewe wa Mafinga. Hapo kwenu mnapasua paini kutwa, kwa hiyo utomvu kwenye diski yenu nauona hata nikiwa huku. Na kama mnatumia ekstensheni, mwangalie waya wake, mwembamba unaipasha mota moto bure. Jumamosi hii waite wenzako wote watatu, asikosekane mtu, mtandaze gazeti na mfungue mota mkiwa pamoja ili kila mmoja aone kinachoanguka. Kisha nitumie vipimo viwili: jino likiwa mbele, na jino hilo hilo likiwa nyuma.