Kituruki: "evini" ni nyumba yako au yake?

Mkuu, umeuliza kwa nini evini leo mwalimu anaitafsiri "nyumba yako", kesho "nyumba yake", na kama kuna njia zaidi ya kukariri majedwali. Mimi nilisoma Ankara, mwaka wa kwanza ni lugha tu, na hapo hapo ndipo nilipokwama.

Miisho ya umiliki isikutishe, unayo tangu utotoni: mwanangu, mwanao, mwanawe. Mturuki anafanya hivyo kwa kila kitu: evim nyumba yangu, evin yako, evi yake.

Balaa ni hiyo -i. Ina kazi nyingine: kitap okudum, nilisoma kitabu, kitabı okudum, nilikisoma kile kitabu (-i imegeuka -ı kufuata irabu inayoitangulia, hilo utalizoea). Yaani ile -ki- tunayoiweka kwenye kitenzi, wao wanaipachika kwenye nomino. Sasa zikutanishe. Evin na -i, unapata evini, nyumba yako. Evi ya "yake" na -i, inachomekwa n: evini tena! Wengine watakwambia n hiyo inatenganisha irabu tu. Si kweli, maana hata kwenye -de, mwisho wa kusema mahali ulipo, inatokea: evinde, nyumbani kwake. Au kwako.

Yalinikuta. Rafiki yangu aliniuliza kwa meseji niko wapi. Tulikuwa tumetoka kumzungumzia jamaa mwingine, nikajibu "Evindeyim", nikimaanisha niko kwa huyo jamaa. Mwenzangu akaacha shughuli zake mjini akarudi kwake mbio, akidhani nimeshaingia ndani namsubiri. Nilipaswa kutaja mwenyewe: Ali'nin evindeyim, niko kwa Ali. Wao hutaja jina, au husema senin (yako) na onun (yake), hasa pale maana inapoweza kupotea.

Cha kuangalia zaidi, kwa sisi wa "nyumbani", ni mahali. -ni yetu moja inabeba yote, kitenzi kinamaliza kazi. Kwao: eve gidiyorum naenda nyumbani, evdeyim niko nyumbani, evden geliyorum natoka nyumbani. Nilisema evde gidiyorum hadi nikachekwa.

Majedwali achana nayo. Chukua otobüs durağı, kituo cha basi. Ile -ı ya mwisho ni "yake" ileile, ingawa kituo hakina mwenyewe. Kwa hiyo ukiwa kituoni ile n inaingia, unasema durağında (-da ni -de ileile). Mimi nilisema durağıda muhula mzima.