Leso Iliangushwa na Nani?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mwezi uliopita binti yetu wa kidato cha tatu alicheza Othello shuleni kwao, ule mchezo wa Shakespeare ambamo jemadari Othello anamuua mkewe Desdemona akidhani ana hawara, kisa leso iliyopotea; yeye alikuwa Emilia. Tukiwa kwenye feri kurudi Likoni, baba watoto akasema, "Huyo Desdemona naye! Angejua kutunza vitu vyake asingeuawa." Mimi nikamwambia aliyeivunja nyumba ile ni Iago, kidudu mtu, mke hana kosa hata chembe. Tulibishana mpaka mlangoni, na hadi leo likitajwa jambo hilo chai inapoa mezani. Tuamulie. – Mama Emilia, Likoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na mumeo, maana lake linapimika kwa kufungua kitabu. Kitendo cha tatu, onyesho la tatu. Othello analalamika kichwa kinamuuma. Mkewe anatoa leso amfunge kipajini. Mume anamwambia leso yenyewe ndogo, achana nayo. Inaanguka papo hapo, na wote wawili wanaingia ndani kwa sababu wageni wanangoja chakula. Kwa hiyo ilianguka kutoka kichwani pa mume, mke akimuuguza!

Lakini namwelewa mzee. Kuna mtu jukwaani anayesema Desdemona aliiangusha kwa uzembe, naye ni Emilia, yaani binti yenu. Baba kamsikia mwanawe, akaamini. Sasa tazama Emilia anasema hayo kwa nani: kwa Iago, mumewe, aliyetoka kumuuliza kama ameiiba. Anajitetea. Kauli ya mtu anayejitetea si ushahidi.

(Na leso ni hiyo ndogo ya kufutia jasho, iliyotariziwa stroberi. Mwaka niliouandaa mchezo huu na wanafunzi wangu, kijana mmoja alileta leso ya mamake, yaani kanga, kipande kizima, chenye jina na pindo. Ukumbi ulicheka: nguo yote ile ianguke watu wawili wasiione? Neno lenyewe tumelitoa kwa Wareno, na kwao ni kitambaa cha mkono; kwetu limebeba vyote viwili, basi kijana hakukosea sana.)

Hadithi hii Shakespeare hakuitunga toka mwanzo. Aliichukua kwa Mwitaliano Cinthio, aliyeichapisha mwaka 1565, na humo mshika bendera mfitini, ndiye Iago wa Shakespeare, anaiiba leso kwa mkono wake mwenyewe, bibi akiwa amempakata mtoto wa huyo mwizi, wa miaka mitatu. Shakespeare akamwondoa mtoto, akauondoa na mkono wa mwizi. Akaweka mume anayesema "achana nayo". Mimi naona badiliko hilo moja limebeba mchezo mzima.

Tuje kwako. Iago ni mfitini, sibishi. Alikasirika kwa kuwa Cassio ndiye aliyepewa unaibu wa Othello jeshini, yeye akabaki kushika bendera. Ila msikilize anavyofanya kazi. Hamwendei Othello na kumwambia mkeo ana hawara. Anamwona Cassio akiondoka pale alipokuwa akizungumza na Desdemona, anaguna: aa, hilo silipendi. Ulisema nini? Si kitu, bwana. Kisha kila akiulizwa swali analirudisha kama mwangwi, mpaka Othello mwenyewe anachoka na mwangwi huo. Maneno mazito anayajaza mume. Ni Othello anayekumbuka kwamba yeye ni mweusi kati ya watu wa Venice, kwamba hana ulimi laini wa waungwana, kwamba umri unamtupa. Na baba mkwe alikwisha kumwachia mwiba mbele ya baraza: amemdanganya babake, anaweza kukudanganya na wewe. Iago anauokota tu na kuuchoma palepale penye kidonda.

Mahali ninapokasirika mimi, kila mwaka nilipofundisha, ni kitendo cha nne. Othello anamtukana mkewe matusi ya kahaba. Desdemona anamuuliza: na nani? Nimekukosea vipi? Swali la mtu mwenye akili zake. Mume hamjibu, analia na kulaumu mbingu. Jina la Cassio halimtoki mbele ya mkewe kama shtaka mpaka usiku wa kifo, na Desdemona anapomwambia mwite huyo mtu umuulize, anajibiwa kwamba mdomo wake umekwisha kuzibwa. Jemadari huyu alikuwa ametaka ushahidi wa macho. Akapewa ndoto ambayo eti Cassio aliiota, leso ambayo Iago aliitupa chumbani kwa Cassio, na kicheko cha Cassio alichokitazama kwa mbali, na kicheko chenyewe kilikuwa cha kumcheka Bianca, mwanamke mwingine kabisa. Aliyelala naye kitanda kimoja ndiye hakumuuliza.

Usiseme mke hana kosa hata chembe, lakini. Alipoulizwa leso iko wapi alisema haijapotea. Alidanganya kwa hofu, kwa sababu mume alikuwa ametoka kumweleza kwamba aliyempa mamake leso hiyo ni Mmisri mchawi, na kwamba ikipotea mapenzi yanakwisha. Nani asingeogopa? Tena badala ya kunyamaza akarudi kumwombea Cassio arudishiwe kazi aliyoachishwa na Othello. Yeye Cassio, mume leso, Cassio, leso. Chembe hiyo mpe mumeo, aridhike nayo. Akitaka kuhakikisha, nakala yangu ipo, ila airudishe.

Na muulize binti kitu kimoja kwa niaba yangu. Kabla ya ugomvi huo Desdemona anamuuliza Emilia: leso yangu nimeipotezea wapi? Emilia, aliyeiokota na kumkabidhi mumewe, anajibu: sijui, bibi. Alilisemaje neno hilo jukwaani? Alimtazama mwenzake usoni, au alijifanya anakunja nguo?