Geji ya mafuta ya Land Rover ya zamani inadanganya? Anzia kwenye tenki, sio dukani

Wadogo zangu mnaoanza umeme wa magari, hii geji ya mafuta ya Land Rover za zamani inawatoa jasho bure na inawalia wateja hela bure. Mtu analeta Series III yake, anasema mshale umelala hata akijaza tenki, na fundi hajapima kitu chochote anamwambia nunua geji. Inanunuliwa, inafungwa, mshale bado umelala, sasa hapo fundi anaanza kutopokea simu.

Geji yenyewe ni nadra kufa. Mfumo wenyewe ni mwepesi: umeme unatoka kwenye swichi, unapita kwenye stabilaiza nyuma ya dashibodi unashushwa mpaka kama volti 10, unaingia kwenye geji, halafu unateremka na waya wa kijani wenye mstari mweusi mpaka kwenye senda ya tenki na kumalizikia ethi, yaani chuma cha gari kinachorudi negative ya betri. Ndani ya senda kuna floti inayosogeza mkono juu ya rizista. Tenki likiwa tupu unasoma omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) kama 250 hivi, likijaa zinabaki 20 au 30. Kwa hiyo omu zikipungua mshale unapanda. Ila msiende na hiyo hesabu kwenye kila gari la zamani, Chevrolet nyingi ni kinyume, tupu ni 0 na full ni 90.

Kabla hujashika spana angalia geji ya temprecha. Hizi mbili zinakula umeme kwenye stabilaiza moja, kwa hiyo zikiwa zote zinasoma juu kuliko kawaida, mara nyingi stabilaiza imekosa ethi au imeganda na inapitisha volti 12 zote. Zikiwa zimekufa zote mbili kwa pamoja, anza na fyuzi ndio uje kwenye stabilaiza. Na hapa wengi wanachanganyikiwa: ukiipima stabilaiza ya zamani kwa mita ya dijitali namba zinarukaruka, sio mbovu hiyo, ndani inakata na kuwasha ili wastani uje volti 10, weka taa ya testa utaona inapepesa. Kama kweli imekufa, ile IC ya 7810 (kidude kidogo cha elektroniki kinachotoa volti 10) inafanya kazi hiyohiyo na ni bei rahisi, ila angalia miguu yake vizuri, na ethi yake iwe ya uhakika.

Temprecha ikiwa inasoma sawa, nenda kwenye tenki. Kwenye 88 (Land Rover fupi ya inchi 88) liko chini ya siti ya mbele, nyanyua siti utaiona senda juu yake. Zima swichi kwanza, chomoa ule waya wa kijani wenye mstari mweusi, ubane kwenye chuma safi cha chesisi mbali na tenki, ndio uwashe swichi. Huo mpangilio nausisitiza kwa sababu sitaki cheche juu ya petroli, na kipimo hiki kinafanyika senda ikiwa bado imefungwa, usifungue kitu. Angalia mshale, utapanda polepole sana maana geji hizi zinafanya kazi kwa joto, subiri kidogo usiseme haifanyi kazi. Ukifika full, zima haraka, usiiache hapo unaongea na simu, utaiunguza. Mshale ukipanda ina maana geji na waya ni wazima, shida iko kwenye senda au ethi ya tenki. Usipopanda, rudi nyuma ya dashibodi ufanye hivyohivyo kwenye geji yenyewe, pale waya huohuo wa senda unapotokea: ukipanda hapo, waya umekatika njiani.

Kuna ule ugonjwa wa kinyume, mshale uko full siku zote hata mafuta yakiisha. Chomoa waya wa senda, ukishuka senda ina shoti, ukibaki juu waya umechubuka mahali unagusa bodi, na kwenye gari za umri huu (za mwisho kabisa ni 1985) ni kitu cha kawaida tu.

Sasa kabla ya kuhukumu senda, vuta waya mmoja kutoka kwenye bodi ya senda mpaka negative ya betri. Geji ikiamka, ilikuwa kutu tu, piga msasa kwenye ethi funga vizuri, kazi imeisha na mteja hajanunua spea. Isipoamka ndio unaitoa senda, betri imechomolewa, uko nje penye hewa, na hakuna wa kuvuta sigara hapo. Pima omu huku unasogeza mkono wa floti taratibu: namba zikipotea katikati rizista imelika, ndio maana mshale unarukaruka nusu tenki. Tikisa floti ya shaba, ukisikia mafuta ndani imetoboka na inazama. Watu wanailehemu, mimi siwashauri, petroli ikibaki humo na moto ukikaribia utajuta, weka mpya.

Senda za siku hizi hazilingani sana na za mwanzo, kwa hiyo usifunge moja kwa moja. Iunganishe waya na ethi ikiwa nje, shusha floti mpaka chini uone mshale unakaa wapi, pinda mkono kidogo kama unasoma robo wakati hamna kitu. Weka gasketi mpya, zungusha silanti ya kuvumilia petroli, na umwambie mwenye gari ajaze mpaka juu kabisa kwanza, maana pale juu ndipo panapovuja kwenye kona.