Raha ya gemu za upelelezi zenye waigizaji halisi: jibu langu kwa mleta mada

Mleta mada ameuliza hivi: gemu za upelelezi zilizorekodiwa kwa video na waigizaji halisi, badala ya wahusika waliochorwa, zina raha gani wakati muda mwingi mchezaji anatazama tu? Si bora mtu akaangalie filamu ya upelelezi? Na mdau mwingine akaongeza kwamba ukishamjua muuaji, gemu imekwisha kazi yake. Nimezicheza gemu hizi kwa miaka mingi na nazipenda kuliko aina nyingine yoyote, kwa hiyo mniwie radhi jibu likiwa refu. Sitamtaja muuaji hata mmoja. Asiyecheza bado asome bila wasiwasi.

Kwangu mimi raha yote iko kwenye uso wa binadamu. Mhusika aliyechorwa, hata awe amechorwa kwa ustadi wa namna gani, kila mkunjo wa uso wake upo kwa sababu kuna mtu aliamua uwepo. Mwigizaji aliyeketi mbele ya kamera anatoa mengi ambayo hakuna aliyeyapanga. Kope zinapepesa, kidole kinasuguasugua ukingo wa kikombe, pumzi inakatika kidogo kabla ya kutaja jina la mtu. Kwenye filamu, mwongozaji akitaka ujue kwamba huyu anadanganya, anasogeza kamera karibu, muziki unabadilika, nawe unaelewa hata kabla hujafikiri. Gemu nzuri ya aina hii inakunyima msaada huo. Kamera imetulia, hakuna muziki wa kukuongoza, mtu anaongea. Umwamini usimwamini, ni juu yako.

Mfano wangu wa kwanza siku zote ni Her Story, iliyotoka mwaka 2015 ikiwa kazi ya Sam Barlow wa Uingereza. Ukiifungua unakuta kompyuta ya polisi ya kizamani, skrini yenye mng'ao wa taa, na kisanduku cha kutafutia ambacho tayari kimeandikwa neno la Kiingereza lenye maana ya mauaji. Basi. Hakuna maelekezo ya maana zaidi ya hapo. Ndani ya kanzidata hiyo kuna mahojiano saba ya mwaka 1994 na mwanamke ambaye mumewe, Simon, alitoweka. Mahojiano yamekatwakatwa vipande zaidi ya 200, vingine vya sekunde chache tu. Unaandika neno, kompyuta inakuletea vipande ambavyo mwanamke huyo amelitamka neno hilo.

Sasa sikieni mtego wenyewe ulivyotegwa. Kompyuta inakuonyesha matokeo matano tu, na ni yale ya mwanzo kwa tarehe. Ukiandika Simon, vipo vipande chungu nzima, lakini utakavyoruhusiwa kuviona ni vya siku za mwanzo, bado ametulia na anajibu kwa adabu. Yale aliyoyasema baadaye, mambo yakiwa yamemfika shingoni, yamejificha nyuma ya maneno ya kawaida. Kuyafikia inabidi ufikiri neno ambalo angelisema siku hiyo tu na si siku nyingine: jina la mtu aliyemtaja kwa kupitia, mahali, kitu kilichokuwa mezani. Yaani huwezi kusonga mbele bila kumsikiliza. Ukiwa unatazama huku unachati kwenye simu, utakwama palepale.

Halafu maswali ya polisi hayasikiki. Unapata majibu peke yake. Ni kama kumsikia mtu anaongea na simu chumba cha pili, ukabaki kukisia upande wa pili unasema nini. Viko vipande ambavyo jibu ni neno moja au mawili tu, na unabaki kujiuliza aliulizwa nini hata akajibu kwa ukali namna ile. Nakumbuka nikicheza na dada yangu. Yeye hana habari na gemu, alikaa tu pembeni. Mwanamke alikuwa anasimulia alivyokutana na Simon, mimi nimeinama naandika maneno ya kutafuta, mara dada akanishika mkono: "Kaka, rudisha hapo. Huyu hakumbuki, huyu anasoma." Nikarudisha. Kweli, sentensi zilikuwa zinatoka zikiwa zimenyooka mno, bila zile "nini vile" na "ngoja kwanza" ambazo mtu huwa nazo akikumbuka jambo la zamani. Mimi nilikuwa nayasikia maneno, yeye alisikia sauti. Tangu hapo sizichezi peke yangu nikiweza kukwepa, kwa sababu watu wawili wakitazama uso mmoja hawaoni kitu kimoja. Mmoja ataapa kwamba mama wa watu ana majonzi, mwingine ataapa kwamba anaigiza majonzi, na wote wawili watakuonyesha sekunde ileile kuwa ndiyo ushahidi.

Mwigizaji mwenyewe, Viva Seifert, hakuwa nyota wa filamu. Alikuwa mwanamuziki, na kabla ya hapo aliiwakilisha Uingereza kwenye jimnastiki katika Olimpiki ya mwaka 1992. Kwenye gemu yupo peke yake, kwenye kiti, mbele ya kamera isiyocheza, na ameibeba kazi yote mpaka akashinda tuzo ya uigizaji bora ya The Game Awards mwaka 2015. Nadhani hiyo inasaidia kujibu kwa nini gemu hizi zimerudi. Hazihitaji majumba wala milipuko. Zinahitaji mtu mmoja anayeweza kutazamwa kwa saa kadhaa bila kuchosha.

Nasema zimerudi kwa sababu si za jana. Mwaka 1967, kwenye maonyesho ya dunia ya Montreal, kundi la Wacheki likiongozwa na Radúz Činčera lilionyesha Kinoautomat, filamu iliyosimama katikati ili watazamaji wabonyeze kitufe na kupiga kura hadithi iende wapi. Zilipokuja diski za CD-ROM, zenye nafasi ya megabaiti mia sita na kitu, kampuni za gemu zilipagawa na video. Mwaka 1991 ilitoka Sherlock Holmes: Consulting Detective, ambako unapewa gazeti, kitabu cha anwani za London na watu wa kuwatembelea, kisha unapeleka kesi yako mbele ya jaji anayekuuliza maswali. Video zake ni kijidirisha kidogo chenye ukungu, lakini wazo lake bado lina nguvu mpaka leo: unaweza kwenda popote, na kila uendako kunahesabiwa. Mwaka 1995 Phantasmagoria ya Roberta Williams ilijaza diski saba nzima.

Na ipo Night Trap, ambayo wengi wanaijua kwa kesi yake kuliko kwa mchezo wenyewe. Video zake zilirekodiwa mwaka 1987 kwa ajili ya mashine ya gemu ya kutumia kanda za video, iliyokufa kabla ya kuuzwa, zikaja kutoka mwaka 1992 kwenye Sega CD, kifaa cha Sega cha kuchezea gemu za diski. Mwaka 1993 ikafikishwa mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani, maseneta Joe Lieberman na Herb Kohl wakiongoza kilio dhidi ya gemu za ukatili, na mwaka uliofuata ukaanzishwa mfumo wa ESRB wa kupanga gemu kwa umri. Ukiitazama leo utashangaa kelele zote zilikuwa za nini. Kilichonivutia mimi ni jambo lingine. Nyumba ina kamera nane, na mambo yanatokea kwenye vyumba vyote kwa wakati mmoja, uwepo usiwepo. Ukiwa unasikiliza maongezi ya sebuleni, ya jikoni yanakupita. Kukosa ni sehemu ya mchezo. Filamu haiwezi kukufanyia hivyo, maana filamu inaonyesha kila mtazamaji kitu kilekile.

Nyingi za miaka ya tisini zilikuwa mbaya, tuseme ukweli. Waigizaji walipiga kelele, kamera ilikuwa mbali, na mafumbo yalikuwa ya kusogeza vigae ambavyo havina uhusiano na hadithi. Picha za 3D zilipokomaa, soko likahama.

Turudi kwenye swali la kutazama tu. Iangalieni Contradiction ya Tim Follin, nayo ya mwaka 2015. Inspekta Jenks, anayeigizwa na Rupert Booth, anazunguka kijiji cha Edenton akichunguza kifo cha msichana. Kila mtu unayemhoji, maelezo yake yanaandikwa kwenye orodha, na kazi yako ni kutafuta maelezo mawili ya mtu yuleyule yasiyopatana. Alisema hanywi, baadaye akasema jambo ambalo mtu asiyekunywa asingeweza kulisema, mambo ya namna hiyo. Ukiyaweka pamoja kwa usahihi, Jenks anambana. Huwezi kubahatisha kwa muda mrefu, kwa kuwa michanganyiko inaongezeka kila mahojiano, hivyo mwishowe unarudi kwenye video kumtazama tena. Na hapo sura inakusaidia, kwani kwenye swali moja mtu anajibu huku anakutazama, kwenye lingine anatazama pembeni. Uigizaji wake una chumvi kidogo, Jenks hasa, lakini chumvi hiyo inaifaa.

Telling Lies ya mwaka 2019, ya Barlow tena, ndiyo iliyonifundisha kutazama mtu anayenyamaza. Rekodi ni za simu za video, na kila simu imegawanywa sehemu mbili: ukiwa na upande wa mmoja, huna wa mwenzake. Kwa hiyo unakaa unamtazama mtu anasikiliza. Dakika inapita, hasemi neno. Anatabasamu, tabasamu linabaki usoni baada ya macho kuacha kutabasamu, anakuna shavu, anaitikia kwa kichwa. Ni lazima ukisie aliambiwa nini, kisha uchague neno ambalo mwenzake angelitumia, ulitafute, uone kama utampata huyo wa upande wa pili. Nilipofanikiwa kuunganisha simu ya kwanza nilisimama kutoka kwenye kiti. Hakuna fumbo la funguo na milango lililowahi kunipa furaha ya namna ile, kwa sababu nililolifungua lilikuwa uongo wa mtu kwa mtu anayempenda. Lawama yangu kwake ni moja: klipu inaanzia pale neno lilipotamkwa, na kurudisha nyuma hadi mwanzo kunachosha. Wengine waliiacha kwa sababu hiyo, na siwalaumu.

Zipo pia zile za kuchagua njia, kama Late Shift ya mwaka 2016, yenye miisho saba, ambako unaamua kwa sekunde chache kijana akimbie au abaki. Ni kazi safi, lakini kwangu ni kitu kingine. Kule unaamua nini kitokee. Huku limeshatokea, huwezi kulibadilisha, unachoweza ni kulielewa. Mimi huku ndiko moyo wangu uliko.

Kuhusu kwamba ukishamjua muuaji gemu imekwisha, naomba nipinge kwa nguvu. Kwanza, The Infectious Madness of Doctor Dekker ya mwaka 2017 inamchagua muuaji upya kwa bahati nasibu kila ukianza, hivyo jibu la rafiki yako si lazima liwe lako. Wewe ni daktari wa akili uliyerithi wagonjwa wa daktari aliyeuawa, unawaandikia maswali nao wanajibu kwa video. Pili, na hili ndilo kubwa, Her Story haina mahali pa kujaza jina la muuaji. Ukiona umeelewa, unatoka. Watu wanabishana mpaka leo kuhusu mwanamke yule ni nani hasa. Nilipoirudia nikiwa tayari nina msimamo wangu, video zilikuwa zilezile lakini kicheko ambacho mwanzo nilikiona cha aibu sasa nilikiona cha mtu anayejipongeza. Hakuna kilichobadilika kwenye faili. Nilichokuwa nakijua ndicho kilichobadilika, na gemu ikawa mpya.

Kwa mleta mada, anzia Her Story. Haitaki kompyuta yenye nguvu, ipo hata kwenye simu, na unaimaliza ndani ya siku moja. Washa maandishi ya chini ya skrini, maana lafudhi ni ya Kiingereza cha Uingereza na neno moja likikupita unaweza kukosa mlango mzima. Chukua daftari na kalamu, andika kila jina unalolisikia na nguo aliyovaa kwenye kipande hicho, kwani nguo ndiyo itakayokuambia ni mahojiano ya siku ipi. Usitafute majibu mtandaoni. Mkalishe mtu karibu yako, hasa yule anayesema hapendi gemu. Ikikuingia, nenda Contradiction, kisha Telling Lies, na Immortality ya mwaka 2022 iache mwisho kabisa. Hiyo sisemi lolote, ila ukiwa nayo, jizoeze kurudisha picha nyuma polepole.

Ukimaliza Her Story rudi hapa utuambie ni mwanamke mmoja au la, na ni kipande gani kilichokushawishi. Nina kipande changu, na nina hamu ya kujua kama ndicho chako.