Kwa Nini Nimevirudisha Vitabu Kama Vilivyokuwa

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na nimeisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu. Unasema ulitumia siku nzima kunipangia vitabu kwa alfabeti ya majina ya waandishi, ukafuta vumbi, ukanyoosha kila rafu. Kisha uliporudi baada ya mwezi ukakuta nimevirudisha vyote kama vilivyokuwa. Hukulalamika. Umeanza kwa kuniuliza mambo mawili: vimepangwa kwa utaratibu gani, maana wewe huuoni, na kwa nini karibu nusu yake ni vya watu ambao umenisikia nikiwapinga tangu ukiwa mdogo.

Ahsante kwa kazi ile. Nitaanza na swali la pili, kwa sababu ndilo lililozaa la kwanza.

Nilipokuwa na umri kama wako nilisimama kwenye mdahalo nikamshambulia Edmund Burke, mbunge na mwandishi wa Uingereza wa karne ya 18. Nilisema alikuwa kibaraka wa wafalme, mtu aliyeona umma wa Ufaransa umeamka mwaka 1789 akakimbilia kutetea mataji. Nilipigiwa makofi. Mzee mmoja aliyeketi nyuma akaomba nafasi, akaniuliza kwa upole: "Binti yangu, umemsoma?"

Sikuwa nimemsoma. Nilikuwa nimemsoma Thomas Paine aliyemjibu, nikadhani inatosha. Yule mzee hakunifedhehesha. Alieleza tu kwamba mwaka 1775 huyo Burke alisimama katika bunge la Uingereza akaitaka serikali ipatane na makoloni ya Amerika badala ya kuyatiisha kwa bunduki. Na kwamba baadaye aliongoza mashtaka dhidi ya Warren Hastings, aliyekuwa gavana mkuu wa Bengal, kwa dhuluma walizotendewa watu wa India. Kesi ilianza mwaka 1788 ikaisha 1795, na Hastings akaachiwa. Mzee akaketi. Mimi nikabaki na karatasi zangu mkononi, sina la kusema.

Usiku ule nilielewa kwamba nilikuwa nimepigana na sanamu niliyoichonga mwenyewe. Nilimtafuta Burke, nikamsoma kuanzia dibaji mpaka mwisho. Bado nampinga, mwanangu, na pengine sasa nampinga zaidi, ila najua ninachokipinga. Anasema haki ni urithi, kitu ambacho kizazi kinapokea kwa kizazi kilichotangulia na kukihifadhi kwa ajili ya kijacho. Hoja hiyo ni nzito. Lakini je, aliyezaliwa katika ukoo usioachiwa chochote ila madeni na utii, yeye amerithi haki gani? Swali hilo sikulipata kwa Paine. Lilinijia nikiwa ndani ya kurasa za Burke mwenyewe.

Sasa unaweza kuuona utaratibu. Vitabu vyangu nimevipanga kwa ugomvi. Kila kitabu kinakaa kando ya kile kinachobishana nacho. Burke alichapisha kitabu chake cha kuyapinga mapinduzi ya Ufaransa mwanzoni mwa Novemba 1790. Kabla mwezi huo haujaisha, mwandishi Mary Wollstonecraft alikuwa ameshamjibu, jina lake halimo hata kwenye jalada, akimshutumu kwamba machozi yake ni ya malkia na si ya maskini. Paine akafuata mwaka 1791. Kwangu wanakaa watatu begani kwa bega. Ulipovipanga kwa alfabeti, Burke alipanda rafu ya juu na Wollstonecraft akashuka ya chini kabisa, na mazungumzo yao yakakatika.

Tazama pia jozi iliyo chini ya dirisha: Friedrich Hayek na Karl Polanyi, wanafikra wa uchumi. Wote wawili walizaliwa Vienna, wote wawili waliiacha nchi yao miaka ya 1930, na vitabu vyao vikuu vilitoka mwaka mmoja, 1944, vita vikiwa havijaisha. Walichungulia shimo lilelile wakaona vitu viwili tofauti. Hayek aliona kwamba serikali ikianza kuupanga uchumi wote mwisho wake itampanga na mtu mwenyewe. Polanyi aliona kwamba soko likiachiwa liitawale jamii, jamii itajitetea kwa njia yoyote, hata kwa kumkumbatia dikteta. Unajua niko upande gani. Lakini fungua kitabu cha Hayek utazame penseli yangu ilivyochosha karatasi. Tabaruku yake ameiandika kwa wajamaa wa vyama vyote, yaani kwa watu kama mimi, na anatuuliza: ni nani atakayeamua kipi kitangulie, na asiyekubali atafanywa nini? Nimewahi kuketi katika kamati iliyoamua mambo ya watu ambao hatukuwauliza hata neno moja, nasi tukaamini kwamba tunawatendea wema. Aliyenisumbua siku ile hakuwa Polanyi.

Umeuliza pia kuhusu miaka niliyoandika kwa penseli kwenye kurasa za mwanzo. Kabla ya kusoma kitabu cha siasa huwa naandika mwaka kilipoandikwa, si ule wa toleo nililonalo, kisha naandika mwandishi alikuwa na cheo gani wakati huo, au alikuwa amenyang'anywa cheo gani. Machiavelli, mwandishi wa Italia, amechafuliwa jina karne hadi karne kwa sababu watu hawajui jambo hili. Mwaka 1512 alipoteza kazi yake serikalini Florence. Uliofuata akafungwa na kuteswa, na mwaka huohuo wa 1513 akaandika kile kitabu kidogo kuhusu watawala, akitumaini kwamba ukoo wa Medici, uliotawala mji huo, ungempa tena kazi. Hakikuchapishwa mpaka 1532, miaka 5 baada ya kifo chake. Ukikisoma hukujua hayo, unasikia mwalimu wa hila. Ukijua, unasikia mtu aliyeumizwa na dola akijaribu kuieleza dola ilivyo, huku akiomba mlango ufunguliwe. Kwame Nkrumah naye alichapisha kitabu chake kuhusu ukoloni mamboleo mwaka 1965 akiwa rais wa Ghana, na Februari 1966 akapinduliwa. Tarehe hizo mbili zikikaa pamoja kwenye ukurasa wa kwanza, kila sura unaisoma ukijua muda uliomsalia.

Machiavelli huyohuyo ameniachia desturi nyingine. Katika barua aliyomwandikia rafiki yake Desemba 1513 anasimulia kwamba jioni akirudi nyumbani huvua nguo zake zenye matope, huvaa mavazi ya heshima, kisha huingia katika baraza za watu wa kale akawauliza sababu za matendo yao, nao kwa utu wao wakamjibu. Anasema hufanya hivyo kwa muda wa saa 4. Mimi sina saa 4, nina moja kabla nyumba haijaamka. Lakini nanawa uso kwanza na kuketi wima, kwa sababu mtu anayenieleza jinsi binadamu wanavyopaswa kutawaliwa hastahili kusomwa nikiwa nimelala.

Na sheria ya penseli ni hii: sina ruhusa ya kuandika neno la kupinga pambizoni mpaka nimeandika hoja ya mwandishi kwa maneno yangu, kwa namna ambayo mwenyewe angeikubali. Mara nyingi najikuta siwezi. Hapo sina budi kurudi nyuma kurasa kumi.

Tamthilia uliziondoa kabisa ukazipeleka kwenye kabati la fasihi. Nimezirudisha. Julius Nyerere alikuwa mkuu wa nchi changa alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar; tafsiri hiyo ilichapishwa mwaka 1963. Hebu mfikirie: kiongozi anayetafuta Kiswahili cha kusimulia jinsi kiongozi anavyochomwa visu na wenzake, na jinsi umati unavyogeuzwa kwa hotuba moja. Katika gereza la Robben Island wafungwa walipeana kitabu cha kazi za Shakespeare, mwenye kitabu amekibandika picha za dini ya Kihindu ili askari wasikichukue. Kila mmoja alitia sahihi kando ya maneno yaliyomgusa. Nelson Mandela aliweka ya kwake tarehe 16 Desemba 1977, kwenye tamthilia hiyohiyo, mahali ambapo Caesar anasema mwoga hufa mara nyingi kabla ya kifo chake. Rais na mfungwa, kitabu kimoja. Nitakiondoaje kwenye siasa?

Yale makabrasha uliyotaka kuyatupa, yaani katiba, hotuba za bajeti na ripoti za tume, tafadhali yaache. Hayana utamu, lakini ndimo ahadi za vitabu vingine zinamopimwa. Kumbukumbu za viongozi wastaafu unaweza kuzipunguza. Ila kabla hujatoa hata moja, tazama mwaka ambao mwandishi ameuruka. Huo ndio sura aliyoogopa kuiandika, na mara nyingine kitabu kizima nakitunza kwa ajili ya pengo hilo.

Mwisho wa barua yako umeniuliza uanze na kipi, na kama uanze na wale ninaowakubali. Hapana. Chukua Burke, Wollstonecraft na Paine kwa pamoja, uwasome kwa mpangilio huo. Burke atakuudhi mapema sana. Mvumilie mpaka mwisho. Burke wangu ana maandishi ya penseli pambizo yote ya kushoto, yale ya miaka ya hasira na yale ya baadaye yanayojibu ya hasira, nami sitaki yakutangulie. Kwa hiyo nimekatia vipande vya karatasi nyeupe na kuvipachika juu yake, ukurasa kwa ukurasa. Vibandue ukimaliza. Pambizo ya kulia iko wazi, na penseli nimeiacha ndani ya jalada.

Mama yako