Maswali ya wasomaji: Mapenzi ya London chini ya mabomu

SWALI: Mambo mhariri, mi kila nikiangalia muvi za London wakati wa Vita Kuu ya Pili naona mabomu yanashuka huku watu wanadansi na kuposana. Hivi ni kweli au wanatutilia chumvi? Na aliyekuwa mchumba tu, ndoa bado, akifiwa ilikuwaje? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Chumvi ipo ndugu yangu, ila kudansi walidansi. Mjerumani alianza kuipiga London kwa nguvu tarehe 7 Septemba 1940 akarudi karibu kila usiku kwa miezi miwili, sasa we ungejifungia ndani muda wote huo? Tarehe 8 Machi 1941 watu walijaa Café de Paris, ukumbi wa chini ya ardhi, wakijua huko ndo salama, bomu likapenya kutoka juu likalipukia karibu na bendi. Walikufa zaidi ya 30, pamoja na kiongozi wa bendi Ken Johnson, kijana wa miaka 26 kutoka Guyana.

Chumvi iko kwenye zile picha za watu kulala stesheni za treni za chini ya ardhi kukwepa mabomu. Hesabu ya Novemba 1940 ilikuta wanaolala huko ni kama watu 4 tu kati ya 100 wa London, wengi walibaki makwao, na hata hizo stesheni zilipigwa, Balham kwa mfano.

Kuposana nako kweli. Mwaka 1940 ndoa za England na Wales zilipita laki 4 na nusu, ila mi naona jeshi lilichangia kuliko mabomu, kijana anapewa likizo ya siku chache tu basi anaoa humo humo. Sukari ya mgao, kupamba keki marufuku, kwa hiyo kikeki kidogo kinafunikwa na keki bandia ya karatasi ngumu ya boksi wapige picha yaishe!

Kwa mchumba ndo palikuwa pagumu. Mji wa Coventry, hukohuko England, Novemba 1940, walikufa zaidi ya 500 usiku mmoja, miili mingine haikutambulika, wengi wakazikwa kaburi la pamoja, kwa hiyo hata kumuaga mtu wako hupati. Mjane alikuwa na haki ya kuomba pensheni ya serikali. Mchumba hakuwa mjane, alilia na kesho yake zamu kiwandani iko palepale, ndo maana siwashangai waliokimbilia kwa msajili wa ndoa na keki yao ya boksi.